Herufi za Uzi Mmoja

Maboksi manne ya sabuni yalikuwa sebuleni tangu siku ile simu ilipopigwa, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyahamisha, yaligeuka meza. Kwanza mtu aliweka chupa ya chai juu yake, kisha redio, kisha yakatandikwa kitambaa. Kufikia mwezi wa pili mgeni asiyejua angeweza kutua kikombe chake pale bila kufahamu kwamba anakiweka juu ya harusi ya mtu.

Ndani yake mlikuwa na vitambaa vya mkononi mia mbili na arobaini, vyeupe, kila kimoja kimepindwa kwa mkono pande zote nne, na kwenye pembe kimetariziwa herufi mbili kwa uzi wa kijani: ya bibi harusi na ya bwana harusi. Vilikuwa vya kugawiwa wageni mlangoni mwa ukumbi, kila mtu aende na chake nyumbani. Aliyevishona ni mama wa bibi harusi, na kazi hiyo ilimla miezi minne. Majirani walimwita Mama Pindo, kwa sababu kabla hajakusalimu ilikuwa lazima kwanza akutazame pindo la nguo. Ukipita mbele yake na pindo lililofumuka, salamu yako ingejibiwa, lakini macho yasingepanda hadi usoni.

Ili apate pesa za vitambaa, nyuzi na gauni, Mama Pindo aliuza cherehani yake. Watu walimshangaa, wakasema fundi huyu kapagawa. Yeye akawajibu kwamba kazi ya mkono haihitaji cherehani, na kwamba harusi ikishapita ataikomboa. Aliiuza kwa Mzee Rahisi, mwenye duka la vitu vilivyotumika, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila kitu dukani kwake alikitangaza kuwa rahisi, hata kile kilichomshinda mnunuzi kwa bei. Walikubaliana kwamba akileta elfu thelathini atarudishiwa.

Kisha, wiki tatu kabla ya siku yenyewe, bwana harusi, msimamizi wa ghala la saruji, alipiga simu. Alisema amejifikiria. Aliongea dakika nne na sekunde kadhaa. Binti alizitazama kwenye simu baadaye, akakaa nazo mkononi kama mtu aliyepewa risiti ya kitu ambacho hakununua. Jumatatu iliyofuata aliamka, akavaa koti lake la kijani la kazini, akaenda kukaa kwenye kaunta ya duka la dawa kama kawaida. Hakulia mbele ya mtu. Hilo ndilo lililomtisha mama yake kuliko kilio, na tangu hapo akawa anamkwepa binti yake macho, asije akaona asichoweza kukiponya.

*

Jumatatu hii, mwezi ukiwa unaelekea mwisho, Mama Pindo alipita dukani kwa Mzee Rahisi kama alivyopita kila wiki. Akaikuta cherehani imehamishwa kutoka nyuma ya duka na kuwekwa barazani, karibu na jiko la gesi na baiskeli ya mtoto. Kijana mmoja alikuwa akizungusha gurudumu lake kwa nguvu, kinyumenyume.

"Usizungushe hivyo," Mama Pindo alisema. "Utakata uzi, na sindano itapinda."

"Kwani ni yako?" kijana akauliza.

Mama Pindo akalishika gurudumu, likasimama. Mzee Rahisi akatoka ndani akijipangusa mdomo.

"Mama, heshima yako. Naona umekuja kuisalimu."

"Shikamoo, mzee. Tulikubaliana utaniwekea."

"Marahaba. Nimekuwekea. Muda wa mapatano ukapita, nikakuwekea mwezi wa kwanza, nikakuwekea wa pili. Na mimi nina watu wa kulisha. Mwisho wa mwezi, Mama. Akija wa elfu thelathini na tano kabla yako, usinilaumu, tafadhali."

"Siku ngapi zimebaki?"

"Kalenda unayo nyumbani, Mama," alisema Mzee Rahisi, si kwa ubaya, ila kwa uchovu wa mtu anayeombwa kila siku.

Mama Pindo aliinama akafuta vumbi kwenye shingo ya cherehani kwa kiganja chake. Kisha akaondoka haraka.

*

Siku hizi alikuwa kibarua kwa Mpambaji wa kumbi, akipinda vitambaa vya meza kwa mkono na kulipwa kwa kila kitambaa. Karakana ya Mpambaji ilijaa viti vya kukodisha, mia tatu na ushee, vya dhahabu, vimepangwa hadi darini. Lakini hakuna mfanyakazi aliyeruhusiwa kuvikalia. Mama Pindo alikalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, ambayo mumewe, fundi rangi, alimletea kutoka kazini baada ya kusikia kwamba mkewe anashona amechuchumaa.

Sindano zake alizichomeka kwenye kitambaa cha majaribio, kile cha kwanza kabisa alichokishona, ambacho herufi zake zilienda upande. Mpambaji alipita akiwa na simu begani na kalamu mdomoni, akapita, akarudi.

"Hiki umeshona wewe?"

"Hicho? Hicho kibovu."

"Kibovu!" Mpambaji alikinyanyua, sindano zikaning'inia. "Vizima viko wapi?"

"Viko nyumbani. Mia mbili na arobaini."

"Vya nani?"

Mama Pindo akavuta uzi hadi mwisho kabla ya kujibu. "Vya mteja. Alibadili mawazo."

"Wateja!" Mpambaji alicheka, akavuta kiti kimoja cha dhahabu akakikalia mwenyewe. "Basi nisikilize. Nina harusi Jumamosi hii. Aliyewaahidi zawadi za wageni kachukua malipo ya awali na simu kazima. Watu wana pesa, wana kiherehere, hawana kitu cha kugawa. Nakupa mia mbili kwa kimoja. Hizo herufi zinafumuka?"

"Zinafumuka."

"Jumatano niletee kumi vilivyofumuliwa, niwaonyeshe. Wakipenda, Ijumaa nachukua vyote."

Mama Pindo hakuwa mwepesi wa hesabu za kichwa, lakini hii aliikamilisha kabla Mpambaji hajainuka kitini. Elfu arobaini na nane. Cherehani, na nusu ya cherehani juu yake. Akajichoma kidole, akakinyonya.

*

Jioni ile alimweleza mumewe uani, wakati mzee wake huyo akiosha brashi zake. Wifi yake alikuwepo, shangazi yake binti, ambaye hakualikwa kwenye mazungumzo hayo wala hakuhitaji mwaliko. Binti mwenyewe alikuwa hajarudi kutoka kazini.

"Unataka kuuza zawadi za harusi iliyovunjika?" Shangazi aliuliza. "Wifi yangu, aibu mtu huifukia. Wewe unataka kuipeleka sokoni na bei juu yake."

"Sitaki aibu. Nataka cherehani."

"Na mwenzangu ukienda harusi ya watu ukaona bibi fulani anajipangusa jasho kwa kitambaa cha mwanao, utakula chakula kikashuka?"

"Mimi sijaalikwa harusi ya mtu."

Mzee alikuwa akikamua brashi taratibu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema akitazama kitu kingine. "Muulize mwenyewe," akasema.

"Nimuulize nini? Nimwambie, mwanangu, nipe ruhusa nifumue jina lako?" Mama Pindo alisikia sauti yake ikipanda, akaishusha. "Hajaligusa boksi hata moja tangu siku ile. Akipita anapinda mguu kama anapita jirani na mbwa. Nikimuuliza ndiyo namtonesha. Nitaviondoa kidogo kidogo. Siku akija kuona sebule ina nafasi, atashukuru."

"Mke wangu, muulize mwenyewe," mzee alirudia, akatundika brashi zake.

Hakumuuliza. Jumanne, binti alipokwenda kazini, Mama Pindo alikunja kile kitambaa cha mezani, akafungua boksi la juu, akatoa vitambaa kumi. Akakaa karibu na dirisha na mkasi mdogo.

Kufumua kulikuwa rahisi kuliko alivyotaka kuwe. Alipozitarizi herufi zile hakuzitenganisha: alianza na ya binti yake, akapitisha uzi chini ya kitambaa, akaibukia kwenye ya mkwe, akamalizia huko na kufunga fundo. Uzi mmoja kwa kila kitambaa, haukukatwa katikati. Mafundi wengine hawafanyi hivyo, maana ukikosea mwishoni utafumua hadi mwanzo. Yeye alifanya hivyo makusudi. Sasa alikata fundo, akavuta, na herufi zote mbili zikatoka kwa mfululizo, ya kwanza ikiifuata ya pili bila kusuasua. Nyuzi alizizungushia kipande cha karatasi ngumu. Uzi mzuri hautupwi.

Vikabaki vitundu vidogo vya sindano mahali pa herufi. Ukikiinua kitambaa kwenye mwanga, ungeweza bado kuzisoma. Aliviosha kwa maji ya uvuguvugu, akavipiga pasi vikiwa na unyevunyevu, na vitundu vikajifunga.

*

Jumatano Mpambaji alivikunjua vile kumi juu ya meza yake, akavipapasa kama anayekagua noti bandia.

"Umefumua zote mbili?"

"Si ulisema nifumue?"

"Ah, kosa langu. Ulijisumbua bure, Mama. Niliwapigia jana, kumbe herufi ya bwana harusi ni ileile uliyotarizi. Bahati iliyoje! Hivyo vilivyobaki ya bwana iache ilivyo. Badilisha ya bibi harusi tu. Ukifanya hivyo watalipa mia tatu badala ya mia mbili, nimeshawauliza."

Mama Pindo alisikia vizuri. Alisikia na neno "bahati". Lakini watu wenye herufi moja ni wengi, na akili yake ikashikilia hapo kama mtu aliyeshika mlango usifunguke.

"Huyo bwana harusi," alisema polepole, "anafanya kazi gani?"

"Yule? Msimamizi wa ghala la saruji, pale barabara ya reli. Kijana mtaratibu sana. Tena harusi yenyewe imekuja mbio mbio, ukumbi walikuwa wameshalipia zamani, wamesogeza tarehe tu. Kwa nini, unamjua?"

Ukumbi ule Mama Pindo aliwahi kuupima kwa hatua zake mwenyewe, akihesabu meza. Aliijua hata hitilafu ya bomba la choo cha wanawake.

"Hapana," akasema. "Nilitaka kujua tu."

Alivikunja vile vitambaa kumi kwa mikunjo yake ileile, akaviacha juu ya meza kwa kuwa ndivyo Mpambaji alivyotaka. Kisha akarudi kwenye ndoo yake, akapinda vitambaa vya meza hadi saa ya kutoka, maana vilikuwa vya kulipwa. Ni njiani tu, alipofika mahali pasipo na watu, ndipo alipoegemea ukuta wa mtu na kulia, akiwa ameuma ukingo wa mtandio ili asitoe sauti.

*

Alipoingia nyumbani aliikuta redio sakafuni. Binti alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba yake, bado na koti la kazini, na boksi la juu likiwa wazi mapajani.

"Vimepungua kumi," binti alisema.

Mama Pindo alisimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni. "Umehesabu?"

"Nilivipanga mimi, mama. Ishirini ishirini. Juu vimebaki kumi."

Hakukuwa na pa kujificha. Mama Pindo akakaa sakafuni, mgongo ukutani, akamwambia: kuhusu Mzee Rahisi na baraza lake, kuhusu Mpambaji, mia mbili na mia tatu. Akafika kwenye lile lililobaki, akaanza kuvua kiatu cha pili.

"Endelea," binti alisema.

"Basi. Ni hayo."

"Umeambiwa ni harusi ya nani?"

Mama Pindo aliinua macho. Binti alikuwa akiyangoja.

"Ulijua?" mama akanong'ona.

"Dada yake alikuja dukani wiki iliyopita. Alitaka dawa ya kichwa. Akasema maandalizi yanawatoa jasho, Jumamosi imekaribia mno. Aliongea na mwenzake, si na mimi, lakini aliongea ili nisikie. Nikampa dawa. Nikampa na chenji yake kamili."

"Na hukuniambia!"

"Na wewe ulikuwa unaniambia?"

Walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, na wote wawili waliona jinsi mwenzake alivyokonda.

"Unajua kilichoniuma ni nini?" binti aliendelea, na hapo sauti ikaanza kumtoka vibaya. "Si hayo maneno. Alipopokea chenji aliinama hivi, akatazama chini, akatabasamu. Nikajiuliza anatazama nini. Kumbe anatazama pindo la koti langu. Akamwambia mwenzake, na huyu ndiye mtoto wa fundi."

Mama Pindo akalitazama pindo la koti. Lilikuwa limefumuka robo nzima upande wa nyuma, na lilikuwa limebanwa kwa pini za stepla, sita au saba, zimeanza kushika kutu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mwezi. Zaidi."

Mwezi mzima mtoto wake ametoka na kuingia mlango huu akiwa na pindo la stepla. Na yeye, ambaye macho yake hayakuwahi kumsamehe mpita njia, hakuliona, kwa sababu alikuwa hamtazami. Mama Pindo aliona aibu ambayo hakuiona siku ya ile simu, wala barazani kwa Mzee Rahisi. Akatambaa kwa magoti hadi kitini, akalishika pindo kwa vidole viwili.

"Vua nilishone."

"Kesho kazini nitavaa nini? Ninalo moja, na nikivua sasa utakaa nalo usiku kucha unalia juu yake. La kwangu litasubiri Jumamosi, nikitoka mapema." Binti alichukua kitambaa kimoja boksini, akakigeuza, akatafuta kwa ukucha mahali pa fundo. "Nipe mkasi."

"Mwanangu, hatuuzi. Nilikuwa sijui. Sasa najua, siuzi. Jasho langu la miezi minne likafutie jasho la watu wale? Bora viwe matambara ya kudekia."

"Halafu cherehani?"

"Iende."

"Iende wapi, mama? Ushone juu ya ndoo hadi lini? Nimechoka kukuona unarudi umeshika kiuno." Alikuwa ameshapata mkasi mwenyewe, kwenye kikapu. "Mimi ndiye niliyeachwa. Kama kuna mtu wa kuona uchungu hivi vitambaa kwenda kule, ni mimi, na mimi nasema viende. Kukaa navyo ndiko kunakoniumiza. Kila asubuhi chai yangu inamiminwa juu yake."

Alikata fundo, akavuta. Herufi ya bwana harusi ikafumuka; akaendelea kuvuta akidhani imekwisha, na herufi yake mwenyewe ikaanza kutoka. Akasita.

"Ulishona kwa uzi mmoja?"

"Nilitaka zisiachane," Mama Pindo alisema, na akafunika uso.

Binti aliutazama uzi uliokuwa unaning'inia, nusu ya herufi yake ikiwa bado kwenye kitambaa. Kisha akauvuta wote.

"Basi hawawezi kuibakiza ya kwake," alisema. "Viende vitupu. Herufi zao watajishonea wenyewe."

*

Alhamisi yote na jioni yake nyumba ile ilifumua. Mzee alirudi mapema, akanawa mikono kwa mafuta ya taa kisha kwa sabuni mara mbili asije akaacha doa la rangi, akapewa mkasi. Mikono yake mikubwa ilikuwa na subira ya ajabu. Shangazi alikuja akiwa amenuna, akatangaza kwamba yeye hahusiki na kwamba watu watasema. Akasimama kwa muda akiwatazama, mwishowe akavaa miwani.

"Sogea," akamwambia kaka yake. "Utatoboa kitambaa wewe." Baadaye alipoliona koti la binti alitikisa kichwa. "Kweli mganga hajigangi," akasema.

Binti alipotoka kazini alikaa nao. Alifumua haraka kuliko wote. Katikati ya boksi la tatu machozi yakaanza kumtoka, hakuyafuta wala hakusimamisha mkono, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Baba yake alisogeza kiti chake kikagusana na cha binti. Walimaliza hivyo.

Mama Pindo aliviosha vyote na kuvipiga pasi, hadi vitundu vikajifunga kimoja baada ya kingine. Shangazi alimwambia aviache na vitundu vyake, wale wanastahili. Yeye akakataa. Kazi mbaya haikuwahi kutoka mikononi mwake, na hakuona kwa nini aanze leo kwa ajili ya watu wale.

Ijumaa Mpambaji alihesabu, pamoja na vile kumi, mia mbili na arobaini kamili. "Vitupu!" akasema. "Na ile herufi ya bwana?"

"Haikubaki."

"Basi ni mia mbili, kama mwanzo."

Maisha yake yote ya ushonaji, Mama Pindo hakuwahi kutaja bei ikakaa. Mteja akiguna, alishuka. Akiguna tena, alisema toa ulichonacho. Mumewe alizoea kumtania kwamba cherehani yake inashona na yeye mwenyewe analipa. Sasa alisikia ulimi wake ukitaka kushuka, akaukaza.

"Mia tatu."

"Mama! Mia tatu ilikuwa na herufi."

"Kushona ni kazi, na kufumua ni kazi. Kufumua ni kazi zaidi. Harusi ni kesho, na hivi ndivyo vilivyopo."

Mpambaji alimtazama kwa makini, labda kwa mara ya kwanza. Alitazama vitambaa, akatazama yale macho yaliyovimba. Kitu fulani kikampitia usoni, akaiweka kalamu chini.

"Mia mbili na hamsini," alisema taratibu. "Na zaidi ya hapo siongezi."

"Haya."

Elfu sitini. Mama Pindo alizihesabu palepale, amekaa juu ya kiti cha dhahabu, bila kujua kwamba amekikalia; na Mpambaji hakumwambia kitu. Saa kumi jioni ile mumewe aliibeba cherehani begani kutoka kwa Mzee Rahisi, ambaye aliwasindikiza hadi barabarani akisema kwamba bei ile ilikuwa rahisi sana, wasisahau.

*

Jumamosi binti alitoka kazini saa saba. Cherehani ilikuwa mahali pake chini ya dirisha, imepakwa mafuta. Sebule ilionekana kubwa, na chupa ya chai ilikuwa imewekwa sakafuni kwa kukosa mahali.

"Panda hapo," Mama Pindo alisema, akionyesha kigoda.

"Si nivue koti, ushone kwa cherehani?"

"La kwako nashona kwa mkono. Panda."

Binti akapanda. Mama Pindo alipiga magoti nyuma yake, akang'oa pini za stepla moja moja kwa ncha ya mkasi, akaziweka kwenye kisahani. Kutoka kwenye ile karatasi ngumu alikunjua uzi wa kijani, uliojikunjakunja bado kwa umbo la herufi, akaunyoosha kwa kuupitisha midomoni. Kijani chake hakikufanana sawasawa na cha koti, lakini kwa ndani nani angeona. Akatunga sindano, akaanza.

Alikuwa amefika katikati wakati honi zilipoanza kusikika barabara kuu. Zilikuja kwa mbali, gari baada ya gari, zikikaribia, na katikati yake mtu alikuwa akipiga tarumbeta. Msafara ulikuwa ukielekea ukumbini. Mama Pindo aliona mashavu ya miguu ya binti yake yakianza kutetemeka, na koti likatetemeka nayo, na pindo likamponyoka vidoleni.

Alitamani kusimama amkumbatie. Alitamani kufunga dirisha. Lakini aliona kwamba akimshika sasa mtoto wake ataanguka, naye ataanguka juu yake. Akalishika tena pindo.

"Simama wima," akasema. "Usitikisike, nitakuchoma."

Binti alivuta pumzi, akasimama wima. Honi zikapita, zikawa nyingi, zikapungua, zikapotelea upande wa reli. Mama Pindo aliendelea kushona, mishono midogo ya karibukaribu, hadi akafika mwisho wa pindo. Akafunga fundo, akasogeza uso wake kwenye mguu wa binti yake, akakata uzi kwa meno.